Mbavu za Nguruwe Zilizolainika Vizuri: Mwongozo Kamili wa Kuzichoma Nyumbani kwa Jiko la Mkaa

Kila mwisho wa mwezi, mshahara unapoingia, harufu ya kitimoto hupanda nyuma ya nyumba nyingi hapa Dodoma, kuanzia Ipagala hadi Nkuhungu, na kila Jumatatu inayofuata huulizwa swali lile lile: kwa nini mbavu zangu zimeungua nje, na ndani bado zinang'ang'ania mfupa? Anayeuliza mara nyingi hajakosea viungo wala hajanunua nyama mbaya. Amekosea jambo moja tu: ameupa moto mkali kazi ambayo moto mkali hauiwezi.

Mbavu hazifanani na steki. Zimejaa gegedu na kano zinazoifunga nyama kwenye mfupa, na kilicho ndani ya kano hizo, yaani kolajeni, huanza kulegea nyama inapopita nyuzijoto 70, kisha hulainika vizuri kati ya nyuzijoto 88 na 95, na hata hapo huhitaji muda mrefu. Moto mkali huunguza ngozi ya nje kwa dakika 10, wakati kano zinahitaji zaidi ya saa moja na nusu. Kwa hiyo kazi tutaigawa mara mbili: tutalainisha kwanza ndani ya sufuria iliyofunikwa, halafu tutabanika kwa muda mfupi ili kupata rangi, moshi na mng'ao. Tenga saa 4, bila kuhesabu muda wa kukoleza chumvi.

Mahitaji kwa watu 4 hadi 5

Nyama na viungo vya kupaka:
- Mbavu za nguruwe kilo 2, kipande kizima
- Chumvi laini vijiko vya chai 3
- Pilipili manga iliyosagwa vijiko vya chai 2
- Bizari nyembamba iliyosagwa kijiko cha chai 1
- Tangawizi mbichi na vitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, vijiko vya chakula 2

Mchuzi wa kupaka:
- Ukwaju gramu 100, uliolowekwa katika maji ya moto robo lita
- Nyanya ya kopo vijiko vya chakula 3
- Asali vijiko vya chakula 4
- Kitunguu maji kikubwa 1, vitunguu saumu punje 4, pilipili mbichi 1
- Mafuta ya alizeti vijiko vya chakula 2

Vifaa: sufuria pana na nzito yenye mfuniko, jiko la mkaa, wavu wa kuchomea, koleo, karatasi ya foili, kisu kikali, brashi ya kupakia, viazi mviringo 4 vikubwa, na mkaa mgumu wa kutosha. Mkaa mwepesi unaopasuka haraka utakusumbua, kwa sababu utalazimika kuongeza kila mara na joto litapanda na kushuka.

Kama mnaishi nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na majirani Waislamu, nunua sufuria na wavu wako wa kazi hii, wala usiazime vyao. Ni adabu ya kawaida ya uani, na wengi husahau siku ya shughuli.

Hatua ya 1: Nunua ubavu mzima, tena asubuhi

Fika buchani mapema, na kabla muuza nyama hajainua shoka mwambie wazi kwamba unataka kipande kizima cha mbavu. Mkono wake umezoea kuzikatakata vipande vya kukaangia, na akishaanza hakuna tena la kufanya. Vipande vidogo hukauka haraka juu ya moto, na mifupa iliyopigwa shoka huacha vichembe vikali vinavyoweza kumuumiza mtoto.

Chagua mbavu zenye nyama ya unene wa angalau sentimita 1.5 juu ya mfupa. Nyama iwe ya rangi ya waridi, mafuta yawe meupe na magumu, na pasiwe na harufu kali. Mbavu za karibu na uti wa mgongo ni fupi na huiva mapema. Zile za upande wa tumbo ni pana, zina gegedu na mafuta mengi, huchelewa kidogo, lakini kwa ulaji wangu ndizo tamu zaidi.

Onyo: tazama muhuri wa mkaguzi wa nyama. Kisha tazama nyama yenyewe kwa makini, hasa katikati ya mbavu. Ukiona vijifuko vyeupe vyenye majimaji, vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, hayo ni mabuu ya minyoo aina ya tegu. Nyama hiyo usiinunue hata ukipunguziwa bei, na umjulishe afisa mifugo wa kata. Mapishi haya huivisha nyama kupita kiwango cha kuua mabuu hayo, lakini hiyo si sababu ya kuyapeleka nyumbani, ambako kisu na ubao ule ule vitakata kachumbari.

Hatua ya 2: Ondoa utando wa ndani

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo mbavu nyingi huharibika kabla hazijaona jiko. Geuza ubavu, upande wa mifupa uwe juu. Utaona ngozi nyembamba inayong'aa, imetandwa juu ya mifupa yote. Ngozi hiyo hailainiki hata ukiipika kutwa nzima. Huzuia chumvi na moshi kuingia, na ikipata joto hujikunja na kuukunja ubavu wote.

Chukua kijiko cha chai. Chomeka mpini wake kati ya utando na mfupa wa pili kutoka mwisho, uusukume taratibu huku ukiukandamiza kwenye mfupa, mpaka utando uinuke na kuacha nafasi ya kidole. Ukijaribu kuushika kwa mkono mtupu utateleza kwa sababu ya mafuta, hivyo ushike kwa kitambaa kikavu au karatasi ya jikoni, bana ubavu kwa mkono wa pili, kisha vuta polepole kuelekea kwako bila kunyanyua juu sana. Utasikia mlio mdogo wa kuchanika na utando utakuja kama mfuko wa nailoni uliolowa. Ukikatika katikati, anza upya kwenye mfupa unaofuata.

Umefanikiwa ukipitisha kidole juu ya mifupa na kuhisi nyama na mfupa vikipishana, badala ya utelezi ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 3: Koleza chumvi na viungo, kisha subiri

Kausha nyama kwa kitambaa safi. Kata ubavu vipande vya mifupa 4 au 5 ili vienee kwenye sufuria. Paka kwanza chumvi pande zote, halafu viungo vingine. Funika na uweke kwenye friji kwa saa 4 au usiku kucha. Chumvi huhitaji muda kupenya, na ikishapenya husaidia nyama kushika maji yake inapoiva. Kama huna friji, koleza kwa dakika 40 tu mahali penye kivuli, kisha endelea kupika. Joto la mchana la hapa kwetu halifai kuachia nyama mbichi mezani.

Sasa nizungumzie papai bichi, kwa kuwa ndilo watu wanalokimbilia. Utomvu wa papai huvunja nyama ya juu na kuigeuza kama uji, lakini hauzifikii kano zilizo karibu na mfupa, ambazo ndizo tatizo letu. Matokeo yake ni nyama inayomung'unyika nje na ngumu ndani. Magadi nayo huacha ladha ya sabuni. Na wapo wanaotia vidonge vya kutuliza maumivu kwenye sufuria ili nyama iive upesi: tafadhali, msifanye hivyo kamwe. Hakuna anayejua kila mlaji atameza dawa kiasi gani, na dawa za aina hiyo zikizidi huumiza ini.

Hatua ya 4: Lainisha kwa mvuke na moto wa kupalia

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kama utaiharakisha, hakuna kitakachokuokoa baadaye.

Kata viazi mviringo slesi nene na uzipange chini ya sufuria. Kazi yake ni kuinua nyama isigusane na maji wala isishike chini. Mimina maji nusu lita pamoja na vijiko vya chakula 3 vya maji ya ukwaju. Panga mbavu juu ya viazi, mifupa ikitazama chini, bila kuzibana. Tandaza karatasi ya foili juu ya mdomo wa sufuria, kisha funika na mfuniko ili mvuke usitoroke.

Hatuchemshi nyama ndani ya maji mengi. Anayejaza maji hadi juu hupata mbavu laini, ni kweli, lakini ladha yote hubaki kwenye supu na nyama hutoka imepauka.

Washa mkaa na usubiri mpaka ufunikwe na majivu. Weka sufuria maji yaanze kuchemka, kisha punguza: ondoa karibu nusu ya makaa na uyapalie juu ya mfuniko, kama tunavyopalia wali. Joto likitoka chini na juu kwa pamoja, mbavu za juu hazichelewi. Anayetumia jiko la gesi aweke moto mdogo kabisa na abadilishe nafasi za vipande kila baada ya dakika 40.

Tega sikio. Mchemko unaotakiwa husikika kama mvua ya manyunyu juu ya bati. Ukisikia mngurumo na mfuniko unacheza, moto umezidi. Ondoa makaa mawili matatu. Dodoma tuna tatizo la upepo, hasa miezi ya kiangazi, na upepo ukipuliza kwenye mlango wa jiko mkaa huwaka kwa nguvu bila wewe kujua. Geuza mlango wa jiko upande usio na upepo au ukinge kwa bati au matofali.

Onyo: usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa kukimbia upepo. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua.

Muda ni saa 2 hadi 2 na dakika 20 kwa nguruwe wa kufugwa bandani. Nguruwe wa kijijini aliyezunguka sana anaweza kuhitaji saa 3. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100. Ndiyo maana muda aliokupa ndugu yako wa Dar es Salaam huenda usikutoshe hapa. Kila baada ya dakika 45 funua haraka uangalie maji. Yakipungua ongeza maji ya moto, kamwe si ya baridi, kwa kuwa ya baridi husimamisha kila kitu.

Utajua zimefika kwa dalili tatu. Nyama imerudi nyuma na kuacha ncha ya mfupa wazi kama sentimita 1. Kijiti cha meno kinaingia katikati ya mbavu bila kusukumwa. Na ukinyanyua kipande kwa koleo ukishika mwisho mmoja, kinainama na nyama ya juu inaanza kupasuka, lakini hakikatiki. Kama nyama inadondoka yenyewe umepitiliza, na juu ya wavu itakusumbua.

Toa mbavu kwa uangalifu, zilaze kwenye sinia, na uziache wazi dakika 20 zikauke juu. Nyama yenye maji haipati rangi, huendelea tu kutoa mvuke.

Hatua ya 5: Pika mchuzi wa kupaka

Wakati mbavu zinakauka, kaanga kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo katika mafuta ya alizeti mpaka kiwe cha kahawia, tia saumu na pilipili, kisha nyanya ya kopo, ukikoroga dakika 3 hadi ukali wa nyanya uishe. Ongeza maji ya ukwaju yaliyochujwa na kikombe 1 cha maji yaliyobaki kwenye sufuria ya mbavu, baada ya kuengua mafuta yanayoelea. Chemsha yapungue hadi nusu, halafu epua na utie asali. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwani maji ya mbavu tayari yana chumvi yake.

Ukwaju na asali ni vitu vyetu vya kanda ya kati. Asali ya Manyoni na Itigi, ile nyeusi nzito ya porini, ina uchungu kidogo mwishoni, na uchungu huo ndio unaouzuia mchuzi usiwe mtamu kama pipi.

Mchuzi ukiwa sawa, utashikilia mgongo wa kijiko, na ukipitisha kidole njia yake itabaki wazi.

Hatua ya 6: Banika kwa muda mfupi

Ongeza mkaa mpya kwenye jiko na usubiri mpaka wote uwe na majivu meupe. Sukumia makaa yote upande mmoja, upande wa pili ubaki mtupu. Weka kiganja juu ya wavu kwa umbali wa sentimita 15 upande wa makaa: ukiweza kuhesabu hadi 6 bila kuondoa mkono, joto ni la kufaa. Ukishindwa kufika 4, subiri.

Kwa moshi, Dodoma tuna bahati ya mizabibu. Baada ya mavuno wakulima wa Hombolo na Mpunguzi hupogoa mashamba, na vijiti vikavu vya mzabibu hutoa moshi mwepesi wenye utamu unaoafikiana sana na nguruwe. Vijiti 5 vya urefu wa kiganja vinatosha. Muulize mkulima kama vilipuliziwa dawa hivi karibuni. Asipokuwa na uhakika, viache na utumie vipande vya mti wa mkwaju. Mbao za ujenzi zenye rangi au dawa hazifai kabisa.

Laza mbavu upande usio na makaa, mifupa chini, weka vijiti juu ya makaa, funika na sufuria kubwa iliyogeuzwa au sinia la bati. Acha dakika 15, geuza, acha dakika 10. Mafuta yakidondoka penye makaa na miali ikapanda, sogeza nyama mara moja. Usimwage maji, kwani yatapeperusha majivu juu ya chakula.

Ndipo upake mchuzi, tabaka jembamba. Geuza baada ya dakika 4, paka upande wa pili, na urudie hadi mara 3. Nasisitiza tabaka jembamba na mwisho wa mapishi, kwa sababu asali huungua upesi. Niliwahi kusimama na jirani yangu jioni ya upepo, Juni, akapaka asali kwenye mbavu mbichi juu ya moto unaowaka. Kabla hatujamaliza kuzungumzia bei ya mkaa zilikuwa zimegeuka nyeusi kama kitako cha sufuria, na alipokata katikati damu ilitiririka kwenye ubao. Alikuwa ametumia fedha nyingi, na watoto walikuwa wamekaa wakisubiri. Mwongozo huu nimeuandika nikiikumbuka jioni ile.

Mbavu zilizo tayari zina rangi ya kahawia iliyoiva yenye wekundu, zinang'aa, na mchuzi unanata kidoleni bila kutiririka. Madoa machache meusi kwenye kingo yanakubalika.

Hatua ya 7: Pumzisha, kata, kula

Ziache dakika 10 chini ya foili iliyolegezwa. Kisha zigeuze, mifupa ikiwa juu ili uione vizuri, na upitishe kisu katikati ya mfupa na mfupa. Ukiuma, nyama iachie mfupa pale ulipouma tu, na mfupa ubaki mweupe na mkavu. Kachumbari yenye limau nyingi na ndizi za kuchoma vinatosha kando yake. Ugali wa uwele pia hukaa vizuri na mchuzi uliobaki. Vile viazi vya chini ya sufuria usivitupe, vimekunywa mafuta na viungo vyote.

Mambo yakiharibika

Kama umeshaanza kubanika na nyama bado ni ngumu, usiongeze moto. Irudishe kwenye sufuria na kikombe 1 cha maji ya moto, funika, uipe dakika 30 hadi 40, halafu irudi kwenye wavu.

Kama imelainika kupita kiasi na inavunjika, acha kabisa wavu. Ipange kwenye sinia, ipake mchuzi, na uipalie makaa kwenye mfuniko juu yake kwa dakika 8.

Kama chumvi imezidi, ongeza ukwaju na asali kwenye mchuzi na usitie chumvi popote pengine, kachumbari ikiwemo.

Zilizobaki hukaa kwenye friji siku 3. Siku ya kuzipasha usiziweke moja kwa moja juu ya moto, zitakauka. Ziweke kwenye sufuria na vijiko vya chakula 3 vya maji, funika, moto mdogo kwa dakika 15 mpaka ziwe za moto hadi kwenye mfupa, na umalizie kwa dakika 2 juu ya wavu.